Brakipodi Visiwani: Jani Linapokataa Kuugua, na Linapougua Bila Kuambukizwa

Simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote huanza hivi: "Shikamoo mwalimu. Majani yangu yamekataa kuumwa." Kijana yuko Chake Chake, kanyunyiza spora (chembe za uzazi) za kuvu wa blasti, ugonjwa wa nafaka, kasubiri wiki nzima, na nyasi zimesimama kijani kibichi kama hazikuambiwa kitu. Simu ya pili kwa wingi ni kinyume chake: madoa yamejaa kila trei, mpaka ile isiyoguswa. Wote mimi huwauliza swali moja, "Kontroli ikoje?", yaani trei ya kulinganishia isiyotiwa kuvu, na mara nyingi upande wa pili panakuwa kimya, kwa sababu kontroli haikuwekwa, au iliwekwa ikasahauliwa dirishani.

Kwa asiyeujua: Brachypodium distachyon, ambao sisi tunauita brakipodi tu, ni unyasi mdogo wenye asili ya nchi za Bahari ya Kati na Mashariki ya Kati. Haufiki nusu mita, hujichavusha wenyewe, na aina zisizodai baridi ndefu hutoka mbegu hadi mbegu kwa wiki 8 hadi 12. Ulipendekezwa kuwa mmea wa mfano mwaka 2001, na jenomu (maandishi yote ya urithi) ya aina yake ya Bd21 ikachapishwa 2010: herufi milioni 272 hivi katika kromosomu 5, wakati ngano ya mkate ina herufi bilioni 16 hivi. Kinasaba uko karibu na ngano na shayiri kuliko na mpunga. Ndiyo maana kuvu wa blasti, fusari na wenzao wanaoharibu nafaka huweza kuchunguzwa juu yake ndani ya chumba kimoja, bila eka ya shamba.

Shida ni kwamba unyasi huu haukuzaliwa kwa ajili ya joto la kaskazi. Kesi nyingi ninazoletewa kama "kuvu" huishia kuwa maji, joto au umeme.

Basi kabla ya yote, weka mafungu matatu: trei kavu isiyoguswa, trei iliyonyunyiziwa maji yako ya kunyunyizia bila spora, na trei iliyoambukizwa. Ikiugua ile kavu, kosa liko kwenye kuotesha, au spora zimeifikia. Ikiwa kavu ni nzima lakini ya maji ina madoa, kosa liko kwenye kunyunyiza. Zikiwa nzima zote tatu, rudi kwa kuvu wako na usiku wake wa kwanza.

## Mbegu hazioti, au zinaota kwa zamu

Mara nyingi mbegu bado imelala. Mbegu zilizovunwa karibuni zina usingizi mzito. Menya ganda la nje kwa kikoleo kidogo, zilaze juu ya karatasi ya chujio iliyolowa ndani ya sahani ya petri, funika kwa foili, weka kwenye friji nyuzi 4 kwa siku 5 hadi 7. Friji, si friza. Nimeshaletewa mbegu zilizoganda kama ukwaju wa barafu.

Kama baridi ilitumika na bado hazioti, tazama dawa ya klorini uliyosafishia. Mbegu iliyomenywa haina shati. Dakika 10 kwenye myeyusho hafifu zinatosha, kisha suuza mara nne au tano kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mwisho ni unyevu. Bahasha ya mbegu iliyoachwa mezani wakati wa masika huvuta unyevu kama chumvi, na sote tunajua kwa nini kidau cha chumvi hutiwa punje za mchele. Hila ni ileile: chupa yenye kifuniko kinachobana, silika au mchele uliokaangwa mkavu, halafu friji. Jaribu mbegu 20. Zikiota chini ya 10, hiyo akiba imekwisha.

Simama hapo. Usimwombe rafiki aliyeko Ulaya akutilie mbegu nyingine kwenye barua. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wa kuwauliza ni wakaguzi wa karantini ya mimea, kabla mzigo haujafika bandarini.

## Imestawi, lakini haitoi masuke

Hesabu mwanga kwanza. Visiwani mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima; brakipodi ya dirishani itabaki kichaka. Watu wa fani hii huipa saa 16 hadi 20 za taa kwa siku.

Wengi huniambia, "Mwalimu, nimeshaweka taima saa 20." Taima ya aina gani? Ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika, na ukirudi huendelea pale ilipoachia. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu leo na saa mbili keshokutwa, usiku wa mimea umeshahama saa tano na wewe hujui. Nenda ukatazame saa mbili za usiku kama taa zinafanya unachodhani zinafanya. Taima ya kidijiti yenye betri huondoa balaa hili.

Baada ya hapo uliza aina. Bd21 na Bd21-3 hazidai mengi, lakini Bd1-1 inataka baridi ya wiki kadhaa ikiwa mche ndipo ichanue. Na kama kiyoyozi kimechoka na chumba kina nyuzi 30, usilaumu aina. Lenga 20 hadi 24 wakati wa kuotesha, na upime usawa wa majani chini ya taa, si mlangoni.

Kiyoyozi kinachotoa barafu, soketi inayonuka moshi au inayokutetemesha vidole unapogusa trei: zima swichi kuu, muite fundi umeme. Chumba cha kuoteshea kina maji sakafuni na nyaya juu, hakina nafasi ya kujaribu.

## Ncha za majani zimeungua, au majani machanga ni ya manjano, na hujaambukiza kitu

Hapa nina kisa changu. Mwaka wa kwanza niliona ni upuuzi kuagiza mboji kutoka nje na kisiwa kizima kimejaa makumbi. Nikanunua usumba laini kwa kina mama wa kamba pwani ya mashariki, nikachanganya na mchanga, nikajaza vikombe 200. Siku ya kumi ncha zikawa kahawia, mpaka wake mkali kama umechorwa kwa kalamu. Nikakata vipande, nikavilaza kwenye agari, ile jeli ya kukuzia kuvu, kuona kama watatoka. Hakikutoka kitu cha maana. Nikabadilisha agari. Aliyenifumbua macho ni bi mkubwa mmoja aliyekuja kudai pesa yake iliyobaki. Akavitazama vikombe, akaniuliza: "Kwani mwanangu, hukuyakosha? Makumbi yale yamekaa pwani miezi, yamekunywa bahari."

Ndiyo chumvi. Ni sababu ya kwanza ya ncha kuungua katika maabara yoyote hapa inayotumia usumba. Lowesha usiku kucha, mwaga, rudia mara nne kwa maji ya mvua. Kupima hakuhitaji mashine: chukua kijiko cha maji ya mwisho ya kukoshea, kiache kikauke juu ya sahani nyeusi, kando yake weka kijiko cha maji ya mvua. Ukiona ukoko mweupe upande mmoja tu, endelea kukosha. Mwenye kipimo cha chumvi cha umeme atumie, ni bora zaidi.

Manjano ni jambo jingine, na hapa angalia jani lipi. Jani changa la juu likiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, mmea unakosa chuma. Chuma kinaweza kuwemo kwenye chungu, ila maji ya kisima ya Unguja hupita kwenye mawe ya chokaa, yanakuwa mazito, na chuma kinafungwa mizizi isikipate. Badili umwagilie maji ya mvua. Pipa chini ya bati lina faida kuliko mbolea. Ikibidi, tumia chuma cha kilati, kile kilichotengenezwa kisifungwe na chokaa, kwa kipimo cha pakiti. Jani kuukuu la chini likiwa manjano lote kabla ya wenzake, hiyo ni njaa ya naitrojeni, au umeizamisha. Brakipodi si mpunga, mizizi yake haipendi kukaa majini.

Usiambukize mimea ya namna hii kwa kuwa tarehe imefika. Tupa, anza tena.

## Umenyunyiza spora, siku saba zimepita, jani safi

Tukae hapa kidogo.

Kuvu wa blasti, Magnaporthe oryzae, hana mlango wa kuingilia, anautoboa mwenyewe. Spora inatua juu ya jani lenye maji, inaota kijirija (mrija mwembamba), ncha ya kijirija inavimba kuwa kuba jeusi, na ndani ya kuba hilo shinikizo hupanda hadi megapaskali 8, kiasi cha mara 40 ya tairi la gari. Ndipo linasukuma msumari mwembamba kupita ngozi ya jani. Kazi yote hiyo inahitaji maji, giza na joto la kadiri kwa muda wa kama siku nzima. Ukiikatisha katikati, hakuna ugonjwa, na jani halibaki na alama ya kukueleza kwa nini.

Ndiyo maana sababu ya kwanza kabisa ni ukavu. Watu husema, "Zanzibar unyevu haukosekani." Nje, ni kweli. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi hewa imekaushwa, na matone hunyauka kwa saa mbili. Mara tu baada ya kunyunyiza, funika trei kwa mfuko wa nailoni uliolowanishwa kwa ndani, funga, na juu yake tandika kaniki au kitambaa kizito cheusi. Saa 24. Asubuhi fungua: usipoona umande juu ya majani, umeshapata jibu lako.

Ya pili ni joto, na hapa ndipo mtego ulipo. Nyuzi 20 zinazoifurahisha brakipodi zinamchelewesha kuvu. Usiku wa maambukizi peleka trei mahali pa nyuzi 25 hadi 28. Kwetu hiyo ni kabati la kawaida lisilo na kiyoyozi, jambo pekee ambalo hali yetu ya hewa inatufanyia bure.

Ya tatu, spora zenyewe. Maji ya kijivu si hesabu. Weka tone kwenye bamba la kuhesabia chini ya hadubini. Wastani wa spora 10 kwa mraba mkubwa ni spora 100,000 kwa mililita, kipimo kinachotosha. Halafu ujue kama zi hai: dondosha tone juu ya kipande cha plastiki ndani ya sahani yenye tishu iliyolowa, tazama baada ya saa sita. Nyingi ziwe zimeota kijirija. Zikiwa zimelala, usipoteze trei.

Sahani isipotoa spora za kutosha, mpe kuvu mwanga na muda. Agari ya oti au ya pumba za mpunga, siku 10 hadi 14, karibu na taa. Kuvu anayekua gizani hutoa sufi nyingi na spora chache.

Ya nne ni uchovu wa kuvu. Kuvu anayehamishwa sahani hadi sahani mwaka mzima husahau kazi yake, kama mchezaji asiyecheza mechi. Mrudishe kwenye jani linaloambukizika kwa urahisi, mtoe upya kutoka kwenye doa, kisha mkuze juu ya vipande vya karatasi ya chujio vilivyosafishwa, vikaushe, viweke friza nyuzi −20. Kila jaribio lianze na kipande kipya.

Ya tano, umri. Majani ya wiki tatu huambukizika. Ya mmea unaokaribia kuchanua yamekuwa magumu.

Mpaka umeyapita hayo yote, usiseme neno "ukinzani". Lakini ukishayapita, upo: aina ABR5 humzuia kuvu wa blasti pale ABR1 inapolala chini. Ukiwa nazo zote mbili, ziweke kila jaribio. ABR1 isipougua, jaribio limekufa, hata kama grafu yako inapendeza.

Wapo pia wanaonyunyiza kutu ya ngano, kuvu mwingine, wakashangaa. Kutu huchagua mwenyeji wake, na kutu ya mistari ya ngano kwa kawaida haimalizi safari yake kwenye brakipodi. Hapo hakuna hitilafu ya kutengeneza.

Simama hapa: asikushawishi mtu kuleta kuvu mkali kutoka nje kwa sababu wa kwako mvivu. Blasti ya ngano ilionekana Brazil mwaka 1985, ikazuka Bangladesh 2016 na Zambia 2018. Kuvu wa mimea havushwi bahari kienyeji. Hata huyu wa hapa, aliyetolewa kwenye mpunga, mchukue kwa ruhusa ya taasisi yako na umfanyie kazi ndani ya kuta zake.

## Madoa kila trei, hata kontroli

Ikiwa kontroli ya maji tu ndiyo yenye madoa, punguza sabuni unayotia kwenye maji ya kunyunyizia ili yashike jani. Tween 20, sabuni ya maabara, ni 0.02 kwa mia, yaani mililita 0.2 kwa lita. Sabuni ya vyombo si mbadala wake, inaunguza.

Ikiwa mafungu yote matatu yana madoa, fikiria nafasi. Trei tatu chini ya feni moja ni trei moja. Nyunyiza kontroli kwanza, iliyoambukizwa mwisho, na zisikae chumba kimoja usiku wa kwanza.

Ikiwa hata hivyo zinaugua, kuna mgeni. Kata jani lenye doa, lilaze kwenye sahani yenye karatasi iliyolowa, subiri siku mbili, tazama spora. Yenye umbo la tone la maji na vyumba vitatu ni blasti. Ndefu ya kahawia yenye vyumba vingi, kama sigara nene, ni ya jamii ya bipolari. Iliyopinda na chumba kimoja cha katikati kimevimba ni kavularia. Mundu mwembamba usio na rangi ni fusari. Bipolari na kavularia huishi kwenye majani ya nje ya mlango wako na huingia na viatu, na upepo, na yule anayepita chumba cha kuoteshea kufupisha njia. (Kila maabara anaye mmoja.) Ndoo ya dawa mlangoni, koti la chumba hichohicho, mlango ufungwe.

## Sahani zimeota vitu vingine

Weusi wa unga, kijani, sufi ya kijivu inayonyanyua kifuniko: hewa chafu, mikono, au agari isiyoiva. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria la presha likifika paundi 15 linatoa nyuzi 121 kamili; dakika 20 kwa chupa ndogo, zaidi kwa kubwa.

Uchafu ukifuata mstari uliopinda kama njia ya mtu mlevi, hao ni utitiri. Wanatembea sahani hadi sahani wakibeba spora miguuni. Choma au pika kwa mvuke zote zilizoguswa, futa rafu kwa spiriti, funga sahani mpya kwa utepe. Usijaribu kuokoa "ile moja nzuri". Hiyo ndiyo inayowarudisha.

Sahani yenye unga wa kijani-manjano usiifungue kuangalia. Huenda ni kuvu aitwaye aspajilasi anayetoa sumukuvu. Iingize kwenye mfuko ikiwa imefungwa, ipikwe. Mwenye pumu asifanye kazi hii kabisa. Na sufuria la presha linalovuja pembeni, au lenye vali iliyokwama, halifunguliwi kwa bisibisi: zima, liache lipoe lenyewe, muite fundi.

## Fusari haishiki masuke

Tatizo ni muda. Fusari huingia vizuri wakati wa kuchanua, na brakipodi ina tabia ya kuchanua ikiwa imefunga mdomo, huoni chavua ikining'inia kama kwenye ngano. Fungua suke moja au mawili kwa sindano kila asubuhi, utazame, ndipo unyunyize. Vaa glavu na miwani: Fusarium graminearum hutengeneza sumu ya deoksinivalenoli ndani ya punje, na spora za fusari zikiingia kwenye jicho lililokwaruzwa zinaweza kuliharibu. Jicho likiwasha baada ya kazi, nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikuwa unashika nini.

## Maabarani inakubali, bondeni haikubali

Mkulima wa Cheju, bonde la mpunga la Unguja, analeta mpunga wenye manjano na kudumaa, na mwanafunzi ana grafu za brakipodi. Kwanza, je, ni kuvu? Majani ya manjano yenye mabaka marefu huenda ni kimyanga, na hicho ni kirusi. Hakuna spora utakayoiona hata ukae hadubinini mpaka alasiri. Doa la blasti lina umbo la jicho, katikati kijivu, ukingo kahawia.

Pili, brakipodi haisimami kwenye maji ya bonde, na jeni la ukinzani linalofanya kazi kwake halihamii kwenye mpunga kwa sababu tu umelitaja kwenye ripoti. Inakuonyesha kuvu anavyoingia na mmea unavyojibu. Kama swali lako ni kuhusu mpunga wa Cheju pekee, mimi ningeotesha mpunga. Jenomu yake nayo ilishasomwa, na miche yake haidai kiyoyozi. Brakipodi niiweke kwa maswali yanayogusa ngano na shayiri, au kwa jaribio linalotaka mimea mamia juu ya meza moja.

Sampuli ya mkulima usiitolee hukumu peke yako. Ipeleke kwa watafiti wa kilimo Kizimbani, kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, pamoja na tarehe, jina la bonde na mbegu aliyopanda. Na trei zako zikimalizika, masuke yote yaende kwenye mvuke kabla ya jaa. Mwaka juzi nilikuta miche mitatu imeota penye ufa wa saruji nyuma ya maabara, chini ya bomba la kiyoyozi, mahali pekee penye ubaridi. Niliing'oa na mizizi, na sasa kila Ijumaa kabla ya sala napita pale kutazama.